Nusu Saa Chini ya Miguu, Saa Nane Baharini: Mawimbi ya Tetemeko Yanatufundisha Nini?

Wanachuo wenzangu, kila nikitaja kwamba nasoma jiofizikia huwa naulizwa maswali mawili. La kwanza: "Kwani hiyo kozi ina ajira?" La pili: "Mnaweza kutabiri tetemeko?" La kwanza nawaachia wakubwa. La pili jibu lake ni hapana. Hakuna mtu duniani anayeweza kukutajia siku na saa ya tetemeko lijalo, na yule anayesambaza ujumbe wa namna hiyo kwenye makundi ya WhatsApp mpuuze tu.

Lakini kuna swali la tatu ambalo siulizwi, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida zaidi. Tetemeko likishatokea, tunajuaje limetokea vipi? Ule ufa uliopasuka uko kilomita nyingi chini ya ardhi, mara nyingi chini ya bahari. Hakuna aliyeuona. Sasa tunapataje urefu wake, mita ulizoteleza na upande ulioelekea?

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye aina moja ya mawimbi, yaani yale yanayosafiri kwenye ngozi ya dunia badala ya kupita ndani yake. Nitayaita mawimbi ya uso wa dunia. Mfano wangu mkuu utakuwa tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004. Nimelichagua kwa sababu mbili: ndilo lililowafundisha wataalamu mengi kuhusu mawimbi haya, na habari yake ilifika mpaka kwetu.

Kwanza, ardhi inatetemekaje?

Fikiria unasukuma kabati lililojaa nguo kwenye sakafu ya saruji. Unasukuma, haliendi. Unaongeza nguvu, bado limegoma. Halafu ghafla linaruka hatua moja, linagota tena. Ndivyo ardhi inavyofanya. Mabamba makubwa yanayounda gamba la dunia yanasogea sentimita chache tu kwa mwaka, lakini pale yanapokutana msuguano unayashika. Miamba ya pande mbili inapinda taratibu kama fimbo inayokunjwa. Siku msuguano unaposhindwa, miamba inateleza kwenye ufa na kujinyoosha kwa mpigo mmoja. Maelezo haya yalitolewa na Mmarekani Harry Fielding Reid baada ya tetemeko la San Francisco la mwaka 1906, ambako uzio na barabara zilizokatiza ufa zilikutwa zimekatika na vipande vyake kuachana kwa mita kadhaa.

Kwa hiyo tukitaka kujua tetemeko limetokea vipi, tunatafuta vitu vitatu: eneo la ufa lililoteleza, umbali wa mtelezo, na upande wa mtelezo. Vyote vitatu vimeandikwa ndani ya mawimbi. Kazi yetu ni kuyasoma.

Mawimbi ya ndani na mawimbi ya juu

Tetemeko linatoa makundi mawili ya mawimbi. Kundi la kwanza hupita ndani ya dunia: mawimbi ya P, ambayo husukuma na kuvuta kama sauti, na mawimbi ya S, ambayo hutikisa miamba kukingama na njia yao. Haya ndiyo yanayofika kwanza.

Kundi la pili ni mawimbi ya uso wa dunia, na lenyewe lina ndugu wawili. Wa kwanza ni mawimbi ya Rayleigh, yaliyokokotolewa kwa hesabu na Lord Rayleigh mwaka 1885 kabla mtu yeyote hajayatambua kwenye rekodi ya tetemeko. Yakipita, ardhi inazunguka mduara uliobanwa: juu, nyuma, chini, mbele. Wa pili ni mawimbi ya Love. Tafadhali msicheke, Love hapa si mapenzi, ni jina la mwanahisabati Mwingereza A. E. H. Love, aliyeyaeleza mwaka 1911. Haya hutikisa ardhi kwa ubavu, kushoto na kulia, bila kuipandisha.

Kwa nini tunayapenda? Kwanza kwa sababu hayachoki haraka. Wimbi la P linatawanya nguvu zake pande zote pamoja na chini, kama moshi unaojaa chumba kizima. Wimbi la uso linatawanyika juu tu, kama duara la maji kwenye bwawa ulilotupia jiwe. Kwa lugha ya hesabu, urefu wa mtikisiko wa mawimbi ya ndani hupungua kulingana na umbali, lakini wa mawimbi ya uso hupungua kulingana na kipeuo cha pili cha umbali. Ukienda mbali mara 100, la kwanza limebaki sehemu moja ya mia, la pili limebaki sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana kwenye rekodi ya tetemeko kubwa la mbali, sehemu iliyonona kuliko zote ni ya mawimbi ya uso. Yanaweza kuizunguka dunia nzima kwa takriban saa tatu, yakarudi yalikotoka, na yakaanza mzunguko wa pili.

Sababu nyingine ni kwamba yana marefu na mafupi. Wimbi linalochukua sekunde 20 kupanda na kushuka, kwa mwendo wa kilomita 3.5 kwa sekunde, lina urefu wa kilomita 70. Wimbi la sekunde 200 lina urefu wa karibu kilomita 900. Mafupi hugusa miamba ya juu. Marefu yana miguu mirefu, huzama mpaka kwenye mantili, tabaka lililo chini ya gamba. Huko chini miamba kwa kawaida ni migumu zaidi, kwa hiyo mawimbi marefu huenda kasi zaidi na kufika mapema. Mkiona rekodi ya tetemeko la mbali, mtaona mapana yanatangulia na membamba yanafuata nyuma. Tabia hii itatufaa mbele ya safari.

Rula fupi kwa kitu kirefu

Mwaka 1945 Beno Gutenberg alitoa njia ya kupima ukubwa wa tetemeko kwa kutumia mawimbi ya uso ya karibu sekunde 20. Njia hiyo baadaye iliboreshwa, na fomula inayotumika imekuwa hii:

Ms = log (A/T) + 1.66 log D + 3.3

A ni mtikisiko wa ardhi kwa maikromita, T ni sekunde za wimbi moja, na D ni umbali kwa digrii za duara la dunia. Tujaribu. Kituo kiko digrii 60 kutoka kwenye tetemeko, wimbi ni la sekunde 20, na ardhi imepanda maikromita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. A/T ni 5, logi yake 0.70. Logi ya 60 ni 1.78, zidisha kwa 1.66 unapata 2.95. Jumlisha na 3.3: Ms ni 6.95, tuseme 7. Yaani mtikisiko mwembamba kuliko ukucha, ukisomwa vizuri, unakutajia tetemeko kubwa lililotokea upande mwingine wa bahari. Hiyo hesabu naipenda mpaka leo.

Ila njia hii ina kikomo. Tetemeko la San Francisco la 1906 lilipewa 8.3 kwa kipimo cha aina hii. Tetemeko la Chile la tarehe 22 Mei 1960 nalo likapewa takriban 8.3. Lakini lile la Chile lilipasua ufa wa karibu kilomita 1,000 na kutuma tsunami mpaka Hawaii na Japani. Yalikuwaje sawa?

Ngoja niseme hivi. Mtu anapita nje ya ukumbi wa taarabu, anasikia sekunde 20 za wimbo, anaendelea na safari zake. Ukimuuliza, atakwambia spika zilikuwa na nguvu kiasi gani. Hawezi kukwambia wimbo ulidumu dakika ngapi. Wimbi la sekunde 20 ndiye huyo mpita njia. Ufa ukipasuka kwa sekunde 15 linauona wote. Ukipasuka kwa dakika nane, linauona kipande kipande, na namba inagota karibu na 8 hata kama tetemeko lenyewe linaendelea kukua. Kwa mawimbi ya P ya sekunde moja hali ni mbaya zaidi. Hayo yanagota mapema kuliko hapo.

Aki, Kanamori na namba isiyogota

Aliyetufungulia njia ni Mjapani Keiiti Aki. Mwaka 1966 alichapisha uchunguzi wa tetemeko la Niigata, Japani, la tarehe 16 Juni 1964. Alichukua mawimbi marefu sana ya Love, akakokotoa nguvu iliyohitajika pale kwenye ufa ili mawimbi ya ukubwa ule yatokee. Kiasi hicho anakiita momenti ya tetemeko. Uzuri wake ni kwamba kinahusiana moja kwa moja na vitu halisi vya ardhini:

Momenti = ugumu wa mwamba × eneo la ufa × wastani wa mtelezo

Kwa mara ya kwanza mkunjo uliochorwa na mashine umbali wa maelfu ya kilomita ukawa unasema habari ya mita za mraba na mita za mtelezo. Mwaka 1977 Hiroo Kanamori akaigeuza momenti kuwa kipimo kinachofanana na vile vya zamani, ndicho Mw tunachokisikia kwenye taarifa za habari leo. Ukitumia nyutoni-mita:

Mw = 2/3 × (log Momenti – 9.1)

Kwa kipimo hiki San Francisco ikashuka mpaka 7.9, Chile ikapanda mpaka 9.5. Tofauti ya 1.6 inaonekana ndogo, lakini ukiigeuza kurudi kwenye momenti, Chile ilikuwa kubwa kama mara 250.

Sasa tulete Sumatra. Chukua ufa wa urefu wa kilomita 1,200, upana wa kilomita 150, mtelezo wa wastani wa mita 7, na ugumu wa mwamba wa paskali 4 × 10¹⁰. Eneo ni mita za mraba 1.8 × 10¹¹. Zidisha vyote: momenti ni takriban 5 × 10²². Logi yake ni 22.7. Toa 9.1, unabaki na 13.6, zidisha kwa 2/3, unapata karibu 9.1. Hiyo ndiyo namba utakayoikuta vitabuni, ingawa waliotumia mitetemo mirefu kabisa, ile ya dunia nzima kulia kama kengele, walifika mpaka 9.3.

Linganisha na tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye Mw 5.9, lililoua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Momenti ya Sumatra ilikuwa zaidi ya mara 50,000 ya Bukoba. Lakini familia iliyoangukiwa na ukuta Bukoba haihitaji kuambiwa kwamba tetemeko lao lilikuwa dogo. Ukubwa wa tetemeko ni habari ya ufa. Vifo ni habari ya ufa pamoja na umbali, udongo na namna tulivyojenga.

Ufa uliteleza upande gani?

Ukubwa peke yake hautoshi. Mawimbi ya uso hayatoki kwa nguvu sawa pande zote. Ukizunguka tetemeko na kupima kila upande, utakuta kuna pande yanapotoka kwa nguvu na pande ambako karibu hayapo, na mchoro wake hufanana na ua la petali. Petali za mawimbi ya Rayleigh na za Love hazikai mahali pamoja, na umbo lake linategemea namna ufa ulivyoteleza. Kwa hiyo vituo vikiwa vimetawanyika vizuri, tunaweza kusema: hapa upande mmoja ulishuka, kama inavyotokea sana kwenye Bonde la Ufa, hapa upande mmoja ulipanda juu ya mwingine, kama Sumatra, hapa pande mbili zilipishana kwa ubavu.

Tena, ufa haupasuki wote kwa wakati mmoja. Unaanzia mahali, unakimbia. Ule wa Sumatra ulianzia karibu na kisiwa cha Simeulue ukakimbilia kaskazini mpaka Visiwa vya Andaman, kwa kilomita mbili na nusu hivi kila sekunde. Mshawahi kusikia konda anapiga kelele huku daladala inakujia? Sauti inakujia imebanana, ikishakupita inalegea. Vituo vilivyokuwa upande wa kaskazini vilipata mawimbi yaliyobanana na yenye nguvu. Vya upande wa kusini vilipata yaliyotanuka na kupoa. Kwa kulinganisha pande hizo mbili wataalamu wakapata mwelekeo, urefu na muda wa mpasuko, dakika nane mpaka kumi.

Kwa nini upande wa mtelezo ni jambo la kufa na kupona? Tarehe 11 Aprili 2012 eneo lilelile la Sumatra lilitikiswa na tetemeko la 8.6. Tahadhari ya tsunami ikatolewa katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi, na watu wakakimbilia milimani. Tsunami iliyokuja ilikuwa ndogo. Sababu ni kwamba safari hii pande za ufa zilipishana kwa ubavu, sakafu ya bahari haikunyanyuliwa sana, na maji hayakusukumwa. Tetemeko kubwa si lazima lilete tsunami kubwa.

Na kinyume chake kipo, na ndicho cha kuogopa zaidi. Tarehe 2 Septemba 1992 watu wa pwani ya Nikaragua walisikia mtikisiko hafifu, wengine hawakuusikia kabisa. Mawimbi mafupi ya P yalitoa namba ya 5.3. Mawimbi ya uso ya sekunde 20 yakatoa 7.2. Mawimbi marefu zaidi yakatoa 7.6 au zaidi. Unaona namba inavyopanda kadiri rula inavyorefuka? Maana yake ufa uliteleza polepole, bila kishindo, lakini ulisogeza maji mengi. Tsunami iliua watu wapatao 170. Ukimya wa ardhi uliwadanganya, na ni mawimbi marefu tu yaliyokuwa na ukweli wote.

Kina, na kilicho chini yetu

Tetemeko la juujuu linatoa mawimbi ya uso yaliyoshiba. Likitokea mamia ya kilomita chini, mawimbi hayo yanakuwa hafifu au hayaonekani, kwa sababu wimbi la uso haliwezi kuchochewa vizuri kutoka mahali ambapo lenyewe halifiki. Kwa hiyo tukiona P yenye nguvu ikifuatwa na mawimbi ya uso yaliyodhoofu, tunaanza kushuku kwamba ufa uko kina kirefu.

Na ile tabia ya marefu kutangulia mafupi, niliyosema itatufaa, inatusaidia kuichunguza ardhi yenyewe. Tukipima kila urefu wa wimbi umesafiri kwa kasi gani kati ya vituo viwili, tunajua ugumu wa miamba katika kila kina, kama daktari anavyotumia mashine bila kupasua tumbo. Mwaka 1994 na 1995 vipima tetemeko 20 vilitandazwa Tanzania kwa kazi ya namna hii. Mawimbi ya Rayleigh yalionyesha kwamba katikati ya nchi kuna kipande cha bara cha kale sana, kigumu na baridi, chenye mizizi ya kina cha takriban kilomita 170, na chini yake kuna mantili yenye joto. Ndiyo maana Bonde la Ufa likifika kwetu linagawanyika: tawi moja linapita mashariki, jingine magharibi kwenye Ziwa Tanganyika na Rukwa. Ufa umekizunguka kipande kigumu, kama panga linavyozunguka fundo la mti.

Kwa hiyo wale wanaosema "Afrika hakuna matetemeko makubwa" niwakumbushe tarehe 13 Desemba 1910. Siku hiyo eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko ambalo ukubwa wake, uliokokotolewa baadaye kutokana na mawimbi ya uso, ni takriban 7.4. Vipimo vya wakati ule viliyanasa mawimbi hayo hata Ulaya. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika likapata jingine la 6.8. Ardhi iliyofanya hivyo mara moja ina uwezo wa kufanya tena.

Wimbi linaweza kuamsha ufa mwingine

Kuna jambo moja zaidi ambalo mawimbi ya uso yametufundisha, na hili lilitoka palepale Sumatra. Mawimbi ya Rayleigh yalipofika mlima wa volkano wa Wrangell, Alaska, kilomita kama 11,000 kutoka yalikoanzia, mlima ulianza kutoa vitetemeko vidogo. Havikuja ovyo, vilifuata mapigo ya wimbi, kila ardhi ilipopanda kwa sentimita chache. Baada ya tetemeko la Aprili 2012 pia, idadi ya matetemeko sehemu nyingine za dunia iliongezeka kwa siku kadhaa.

Wimbi la mbali kiasi hicho lina msukumo mdogo sana. Kama limeweza kuamsha ufa, basi ufa huo ulikuwa umebakiza kidogo tu. Rudi kwenye kabati letu: umesukuma kwa nguvu zote, halafu mtoto anakuja kugusa kwa kidole, linaruka. Si mtoto aliyelihamisha. Hapa ndipo unapoona kwa nini kutabiri siku na saa ni kugumu. Nyufa nyingi duniani ziko karibu na ukingo kila wakati, na hatuna chombo cha kutuambia ipi imebakiza kidole kimoja.

Nusu saa na saa nane

Sasa nirudi kwenye kichwa cha makala. Tetemeko la Sumatra lilitokea saa tisa na dakika 59 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kutoka pale mpaka Dar es Salaam ni kilomita kama 6,400. Mawimbi ya P yalifika kwa takriban dakika 10. Mawimbi ya uso yalianza kupita chini ya jiji kabla ya saa kumi na nusu alfajiri. Imepimwa kwamba hakuna mahali popote duniani ambapo ardhi haikusogea kwa angalau sentimita moja. Maana yake Dar, Tanga, Mombasa, Unguja zote zilinyanyuliwa na kushushwa taratibu, pamoja na vitanda na waliolala juu yake, na hakuna aliyeamka, kwa sababu mwendo wenyewe ulikuwa wa makumi ya sekunde.

Habari yote ya ukubwa wa tetemeko ilikuwemo ndani ya mwendo huo. Lakini tathmini ya kwanza ya kituo cha tahadhari cha Pasifiki, kama dakika 15 baada ya tukio, ilisema 8.0. Baada ya saa moja hivi ikawa 8.5. Namba ya 9.0, iliyotokana na mawimbi marefu, ilipatikana saa kadhaa baadaye. Na hata ingepatikana mapema, kwenye Bahari ya Hindi hapakuwa na mtandao wa kuipokea.

Bahari yenyewe ilichukua zaidi ya saa nane kutufikia. Ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, fukwe zimejaa watu. Somalia ilipoteza watu wapatao 300. Tanzania walikufa watu wasiopungua kumi, wengi wao waliokuwa wakiogelea. Kenya alikufa mtu mmoja, na sababu moja ya idadi kuwa ndogo ni kwamba mamlaka ziliona habari za Asia kwenye televisheni zikawaondoa watu ufukweni. Tafakari hilo: kilichookoa watu hakikuwa hesabu ngumu, kilikuwa mtu mmoja aliyeelewa maana ya habari na mwingine mwenye mamlaka ya kufunga ufukwe.

Mambo yamebadilika. Leo kuna njia inayotumia mitetemo mirefu iitwayo awamu W, ambayo hutangulia mawimbi makubwa ya uso, na inaweza kutoa ukubwa sahihi wa tetemeko la 9 ndani ya takriban nusu saa. Indonesia, India na Australia hutoa taarifa za tsunami kwa Bahari ya Hindi nzima, na kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo yenye jukumu la kuzipokea na kutoa tahadhari. Sayansi ya dakika 30 za kwanza kwa sehemu kubwa imepatikana.

Kinachobaki ni zile saa saba na nusu zinazofuata, na hizo si za jiofizikia peke yake. Ni za mwanasheria anayejua nani ana amri ya kufunga fukwe siku ya sikukuu. Ni za mwanahabari anayejua kwamba wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote, asije akawaambia watu warudi mapema. Ni za mhandisi anayejenga shule Bukoba, na za mwalimu wa Kigamboni anayewafundisha watoto kwamba bahari ikirudi nyuma ghafla, hutakiwi kwenda kuokota samaki; kimbia kwenda juu. Kozi zote hizo zinafundishwa hapa chuoni, na sote tunapanga foleni moja kantini. Nikipata nafasi ya kupendekeza mjadala wa chama chetu muhula ujao, nitapendekeza huu: tahadhari ikitoka saa kumi na nusu alfajiri, nani anampigia nani?